Nafasi ya Mwalimu Mmoja Mweusi

Wameniomba maneno machache mazuri juu ya Jonelle Mabry, yawekwe kwenye kijarida cha chuo pamoja na picha yake. Machache! Mimi, Ardelle Gaskins, niliyemjua huyu tangu anavaa soksi za lesi kanisani, niseme machache? Haya, nimeandika kwamba ni hodari na mchapakazi, nikawapelekea. Mengine nawaambia ninyi, na siyapambi. Wivu ninao. Tena si ule wa kujificha nyuma ya tabasamu, ni wa kulala nao na kuamka nao.

Jonelle alizaliwa Glenville, upande wetu wa mashariki wa Cleveland. Baba yake alikuwa kinyozi, na nyumba yao ilikuwa juu ya duka lake la kunyolea hapo hapo, kwa hiyo mtoto alikua akinukia poda na mafuta ya nywele. Mama yake, Vernice, alikuwa mhudumu wa kanisa, wale wa gauni jeupe na glavu nyeupe wanaokuonyesha pa kukaa na kukukata jicho ukitafuna chingamu. Jumamosi Vernice alipokuwa na usafi wa kanisa, alinishushia mtoto kule chini, kwenye ukumbi wa chakula, nilikokuwa natengeneza vijitabu vya maziko.

Kwetu mtu hazikwi bila kijitabu. Mbele picha yake amevaa kofia yake bora, nyuma yake mawingu, pembeni njiwa, juu miale ya jua. Ndani habari za maisha yake, nyimbo alizozipenda, na majina ya wabeba jeneza. Watu huvitunza ndani ya Biblia mpaka vinageuka rangi. Kanisani kwetu ninavitengeneza mimi, na herufi za jina nachora kwa mkono, kila marehemu na zake. Shemasi Purvis aliyeendesha malori maisha yake yote nilimpa herufi pana zenye miguu mizito. Bi Ottoline, mshonaji, nilimpa nyembamba zilizoungana bila kukatika. Kazi ya Jonelle ilikuwa kukunja.

"Bi Ardelle, kwa nini huyu amepewa herufi zilizonona?"

"Kwa sababu alinona. Kunja!"

Alikunja, lakini macho hayakutoka mkononi mwangu. Kukunja kwenyewe alikunja vibaya.

Chuoni vijitabu vile sikuvionyesha hata siku moja. Chuo cha usanifu wa mabango na vitabu kina adabu zake: ukurasa uwe mweupe, herufi zikae pembeni kimya, rangi zikizidi mbili watu wanakunja pua. Nilipokuwa mwanafunzi, mweusi peke yangu darasani, nilielewa upesi kwamba mawingu na njiwa ni vitu vya kuchekwa. Nikayaacha kanisani. Nikawa na mkono wa Jumapili na mkono wa siku nyingine, na ule wa siku nyingine ndio ulionipatia kazi ya kufundisha herufi. Nimefundisha pale mpaka nywele zimebadilika rangi, mwalimu wa muda, mkataba wa muhula mmoja, ukiisha unasubiri simu. Bima hakuna. Ofisi hakuna. Koti langu nalitundika nyuma ya mlango wa darasa.

Na hapo ndipo Jonelle aliponikuta alipojiunga. Tuna siku yetu ya ukuta: kila mwanafunzi anabandika kazi yake ukutani, wenzake na mwalimu wanaichambua, na mwenye kazi ni marufuku kufungua mdomo mpaka wamalize. Wengine hutoka pale wakilia. Jonelle alibandika bango la duka la vitabu, na juu yake, wingu. Kubwa, la waridi, la maziko kabisa! Wenzake wakachekeana pembeni.

"Wingu hili lina kazi gani hapa?" nikauliza.

Akanyamaza, ndiyo sheria. Wiki iliyofuata akaja na bango lile lile, wingu limeongezeka. Ebo! Nililitazama lile wingu nikitafuta kosa, sikuliona. Nikampa alama za juu huku roho ikiniuma, maana mimi mwenyewe katika umri ule nisingethubutu.

Akamaliza, akaenda Chicago kubuni maboksi ya nafaka za asubuhi, na kila niliposimama dukani mbele ya yale maboksi nilijiuliza lipi lake. Vernice alipoanza kuumwa miguu, binti akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Kanisa zima likamsifu. Nami nikamsifu, kwa nini nisimsifu? Wakati huo alikuwa hajagusa changu.

Ndipo wakaja wakaguzi wa vyuo vya usanifu, wakahesabu. Wanafunzi weusi wanaoingia ni wengi, wanaomaliza ni wachache, walimu wa kudumu weusi hakuna hata mmoja. Hakuna, katika mji ambao karibu nusu ya watu wake ni sisi! Mkuu wa idara, Todd Brandvold, mzungu mrefu wa miwani ya fremu nyekundu, alituita akasema kwa uchungu kwamba hali hii haivumiliki. Ungedhani ni yeye aliyekuwa akisubiri simu kila muhula. Chuo kitaajiri mwalimu mmoja wa kudumu, akasema, na kitatafuta "kwa upana." Alipotamka neno hilo alinitazama mimi. Walimu wote wakanitazama mimi.

Basi nafasi ikawa yangu kabla sijaiomba. Bawabu alinipongeza. Mchungaji Lyle alinisimamisha katikati ya ibada.

"Dada Ardelle, simama tukuone! Profesa wetu!"

Nikasimama, na kofia yangu ya zambarau, wakapiga makofi. Mngeniona! Kichwa kilikuwa kimevimba mpaka kofia ikanibana.

Siku chache baadaye Jonelle akabisha mlango wangu, mkononi pai ya viazi vitamu iliyookwa na mama yake.

"Bi Ardelle, nina ombi. Naomba uniandikie barua ya kunipendekeza."

"Bila shaka, mwanangu. Unaomba kazi wapi?"

"Pale pale chuoni kwako. Ile nafasi ya kudumu."

Kisu cha kukatia pai kilikuwa mkononi. Nikakiweka mezani taratibu.

"Ile nafasi," nikasema, "nimeiomba mimi."

Akanitazama, uso umemshuka. "Wewe? Lakini wewe si wa kudumu tayari?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Sote tulidhani. Bi Ardelle, umekuwa pale tangu... Loo! Sikujua, naapa. Nitaiondoa barua yangu ya maombi."

Alikuwa anasema kweli, ilikuwa usoni mwake, na ukweli wake ndio ulionikera zaidi. Angekuwa mjanja ningemfukuza na pai yake. Sasa eti anihurumie? Mimi ndiye nipishwe njia na mtoto niliyemfundisha kushika rula?

"Thubutu uiondoe," nikamwambia. "Omba kazi yako. Unadhani nakuogopa?"

"Sijasema unaniogopa."

"Basi kula pai."

Barua nilimwandikia, tena nzuri, maana sikutaka aseme nilimbania. Nilipomaliza kuiandika nilikuwa nimejikumbusha mwenyewe kila kitu anachokiweza, na usiku huo sikupata usingizi.

Tuliobaki mwishoni tulikuwa wanne, na kila mmoja alipewa asubuhi yake ya kuonyesha kazi zake ukumbini mbele ya walimu na wanafunzi. Aliyenitangulia alikuwa kijana mzungu kutoka Oregon. Walimuuliza juu ya herufi zake, nafasi kati ya mistari, karatasi anayoipenda. Saa nzima ya karatasi! Nikajua zamu yangu ikifika nitawapa herufi mpaka washibe.

Nikavaa suti yangu ya kijivu. Nikaonyesha kazi safi: vitabu vya benki, mabango ya maktaba, nembo ya hospitali ya meno, kurasa nyeupe zenye utulivu. Mkono wa siku nyingine ulikuwa umetulia kweli kweli. Nikamaliza, nikasubiri swali la herufi.

"Ardelle," Brandvold akasema, akiegemea mbele, "wewe utatusaidiaje kuongeza wanafunzi weusi?"

Nikajibu. Nilikuwa na ya kujibu, Mungu anajua, ningejibu mpaka jioni: wanaoacha masomo wanaacha kwa sababu ya kazi za usiku, bei ya vifaa, kukosa mtu wa kuwaambia "na mimi nilipita hapa." Wakaitikia kwa vichwa. Swali la pili likaja, lile lile na koti jingine. Na la tatu. Nikashuka jukwaani bila kuulizwa hata juu ya herufi moja. Nikajikaza kisabuni, nikasema angalau wamenielewa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya Jonelle. Nilijiambia siendi, nikaenda. Nikakaa nyuma kabisa. Alipanda na gauni la manjano, nywele amesuka, akaonyesha boksi moja la nafaka, watu wakacheka vizuri. Halafu akasema, "Sasa niwaonyeshe shule yangu ya kwanza."

Taa zikazimwa. Ukutani, mrefu kunizidi, akatokea Shemasi Purvis.

Sikuamini macho yangu. Mawingu yangu. Njiwa wangu wawili. Zile herufi pana zenye miguu mizito, kila moja nimeichora mwenyewe, meza ikinukia samaki wa kukaanga. Akafuata Bi Ottoline. Akafuata kinyozi Mabry, baba yake mwenyewe, ambaye nilimpa herufi zilizonyolewa pembeni. Vernice alikuwa amevitunza vyote. Jonelle akawaeleza herufi moja moja, kwa nini hii imenona, kwa nini hii imeinama, jinsi mtu aliyekaa kwenye benchi la nyuma anavyomtambua marehemu kabla hajasoma jina. Wanafunzi wetu, wale wa mitaa yetu ya Glenville na Hough, walikuwa wameinuka kwenye viti. Mmoja akasema kwa sauti, "Bibi yangu anavyo hivyo nyumbani!"

Nikawa nangoja. Nikasema moyoni, sasa ataniibia. Nilitamani aniibie! Aseme ni vyake, au aseme "mwanamke mmoja wa kanisani," nimpate, nisimame nimwumbue pale pale, nimchukie kwa haki.

"Vyote hivi," akasema Jonelle, "vimetengenezwa na Ardelle Gaskins. Yule pale nyuma. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Vichwa vyote vikageuka. Makofi yakapigwa. Brandvold akavua ile miwani yake nyekundu.

"Ala! Ardelle! Mbona hukutuonyesha hivi?"

Jana nilisimama pale pale na benki na meno. Leo kazi yangu imesimama ukutani, imependwa, imepigiwa makofi, na inampa kazi mtu mwingine. Walipomaliza kumpigia makofi wakamuuliza swali lao lile, utatusaidiaje kuongeza wanafunzi weusi, na yeye akawajibu, "Niulizeni kwanza juu ya herufi, kama mlivyomuuliza yule wa Oregon." Wakacheka kwa aibu, wakamuuliza juu ya herufi. Herufi zangu!

Kazi akapewa Jonelle.

Brandvold aliniita ofisini kwake kuniambia, na alikuwa na furaha ya kweli, maskini. Akanimiminia kahawa.

"Umefanya jambo kubwa, Ardelle. Huyu ni tunda lako. Na wakaguzi wakirudi, tutakuwa tumetoka sifuri. Tutakuwa na mmoja!"

"Hongereni," nikasema.

"Kuna jambo dogo." Akazungusha kikombe. "Mwalimu wa kudumu lazima awe na madarasa ya kutosha. Kwa hiyo darasa la herufi na lile la vitabu itabidi yaende kwake. Bajeti, unajua."

"Hayo ndiyo madarasa yangu. Sina mengine."

"Najua. Inaniuma sana."

"Todd, wakaguzi walipohesabu wakapata sifuri, mimi mlinihesabu wapi?"

Akatazama dirishani. "Walimu wa muda hawamo kwenye hesabu."

"Kwa hiyo mlikuwa na mweusi mmoja, na sasa mtakuwa na mweusi mmoja."

"Kwenye hesabu, hapana," akasema, na masikio yakamwiva. "Kwenye hesabu tumepanda."

Nikalichukua koti langu nyuma ya mlango wa darasa nikaenda nyumbani. Sikumlaani Brandvold, niliyemlaani ni Jonelle. Nilimlaani kwa gauni lake la manjano, kwa ujana wake, kwa kule kusimama na wingu lake bila kuomba radhi. Nililaani hata ule uaminifu wake wa kunitaja, maana uliniziba mdomo. Nilikuwa jikoni nachambua sukuma, natupa majani mazima na kubakiza mabovu, aliposukuma mlango bila kubisha.

"Nimesikia juu ya madarasa," akasema. "Naikataa kazi. Sijatia sahihi bado. Sema tu neno, Bi Ardelle, nampigia simu sasa hivi."

Simu ilikuwa mkononi mwake. Nawaambia kweli: neno lilikuwa mdomoni. Kataa! Nililionja. Mara nikamwona Brandvold na uso wake wa huzuni akiwaambia wakaguzi, tulimtafuta mweusi, tukampata, akatukataa, tufanyeje sasa? Nikamwona na yule kijana wa Oregon akitundika koti lake nyuma ya mlango wangu.

"Ukikataa," nikasema, "wataandika kwamba walijaribu. Watapumzika kwa hilo miaka kumi. Chukua."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Bi Ardelle, acha kiburi. Unataka nini? Sasa ndio wakati wao wa kunisikiliza. Nikishatia sahihi watakuwa viziwi."

Sijawahi kumwomba mtoto yule kitu chochote zaidi ya kukunja karatasi. Nikaosha mikono. Nikaikausha, nikaiosha tena.

"Darasa la herufi," nikasema, nimempa mgongo. "La asubuhi. Waambie waniachie hilo. Tafadhali."

Lile tafadhali liliniponyoka tu. Alinishika bega, na mimi nikauacha mkono wake pale kwa sababu nilikuwa nimeshaomba.

Aliwaambia, nikaachiwa darasa langu. Akawaambia na mengine: kwamba hatatia sahihi mpaka walimu wa muda waingizwe kwenye hesabu, kila mtu na rangi yake na miaka aliyokaa akisubiri simu. Wakahesabu upya. Hesabu mpya ilikuwa mbaya kuliko ile ya sifuri, maana sasa ilionekana kwamba weusi tupo, na tupo wapi. Brandvold aliisoma kwenye mkutano kwa sauti ndogo sana. Muhula huu wametangaza nafasi mbili zaidi. Wananiambia niombe, na nitaomba, na njiwa wangu nitakwenda nao. Lakini sitajidai: mpaka hapo nilipo, kila ninaposhika chaki ninaishika kwa kuombewa na Jonelle Mabry, na mlango wenye jina lake naupita nikienda darasani kwangu. Ananiita "mwalimu wangu" mbele za watu. Natabasamu, nikifika mwisho wa korido meno yananiuma.

Wiki iliyopita walianza wanafunzi wapya. Nilikuwa nimebaki darasani baada ya kipindi, nachora jina la Vernice. Ndiyo, Vernice ametutoka. Herufi zake nimezipa mabega yaliyonyooka na mikono iliyokunjwa mbele, kama alivyosimama mlangoni Jumapili zote zile. Msichana mmoja, mgeni kabisa, akanisogelea, akatazama karatasi, akatazama mkono wangu, akashika kinywa.

"Bi Gaskins, hii ni nzuri mno! Ni Profesa Mabry aliyekufundisha?"

Nikamwambia avute kiti, atoe penseli.